Siku Tuliyopima Mlango Ukiwa Wazi

Nekesa mwanangu,

Sitakuandikia habari za blanketi. Mama yako ameshakwambia kuhusu blanketi, na dawa ya malaria, na kutokubali soda ya mtu usiyemjua pale Malaba. Nimemsikia kutoka huku sebuleni akirudia yale yale, nawe ukimjibu "Sawa, mama" huku ukicheka. Mimi hujanijibu kwa kicheko muda mrefu sasa. Mimi ni "Sawa, baba," basi, kama mtu aliyepokea risiti dukani. Sikulaumu. Nakuandikia kwa sababu najua ni nini kilichokiondoa kicheko hicho, na kesho ukishapanda basi la Kigali nitakuwa nimechelewa tena, mimi mzoefu wa kuchelewa.

Juzi tukila, mama yako alikuuliza hasa huko kwenye maabara utafanya nini. Ukamweleza polepole: huletwa mashine mpya za mtandao, ruta na fayawoli, kabla benki au hospitali hazijazinunua, nanyi mnazisukuma kwa kazi nyingi hadi zishindwe, kisha mnaandika zilishindwa wapi. Mama yako akaacha kumega ugali.

"Ati unalipwa kuharibu?"

"Si kuharibu, mama. Ni kutafuta mahali inachokea."

Mimi niliinuka nikasema naenda kuangalia kama banda la kuku limefungwa. Lilikuwa limefungwa. Nilisimama nje nikiwa nimeshika nguzo ya banda, kwa sababu hilo neno "kuharibu" lilikuwa limenifuata hadi bandani. Wewe ulilisikia pia, najua. Uliinamia sahani yako.

Wacha nianze na ubaya wangu mdogo ndipo nifike kwa ule mkubwa.

Sisi mafundi wa mtandao wa huku tuna desturi ambayo sijui kama Kigali wanayo. Kazi ikiisha, mteja huitisha kikao cha kukabidhiwa. Mchungaji huiombea mashine, kuku huchinjwa, halafu fundi husimama mbele ya kamati akiwa na shati la Jumapili na kuwaonyesha kasi. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yangu. Nilipenda siku ya Jumamosi alasiri, ofisi ikiwa haina mtu. Naweka kompyuta moja upande huu wa mashine na nyingine upande ule, napitisha faili moja kubwa, na ule mshale kwenye kioo unapanda hadi mwisho. Kamati inapiga makofi. Mchungaji anasema amina mara ya pili, bila kuombwa.

Kitu ambacho kamati haikujua ni kwamba kabla ya kuwaita nilikuwa nazima ukaguzi. Wewe huhitaji kuelezwa, lakini nataka niliandike kwa mkono wangu mwenyewe. Fayawoli ni askari wa getini. Kazi yake ni kufungua kila mzigo unaoingia aangalie ndani kuna nini. Ukimwambia leo usifungue kitu, wewe wapungie tu mkono wapite, ni lazima foleni itakimbia. Hapo hujapima askari. Umepima upana wa geti. Nami nilikuwa nawasha ukaguzi wageni wakishaondoka, kwa sababu mkataba ulitaka hivyo, na hakuna aliyewahi kurudi kuuliza mbona kasi ya leo si ile ya siku ya kuku.

Mzee Harbans, aliyeniuzia mashine nyingi pale dukani kwake Bungoma mjini, alinionya kwa utani wake. "Fundi, hii namba iko kwa kartoni si uongo. Ni ukweli ya siku ya harusi. Wewe uliza hii mashine iko namna gani siku ya Jumatatu." Nilicheka sana. Huo utani niliurudia kila mahali kana kwamba ni wangu, na sikuufuata hata siku moja.

Halafu kikaja kile chama cha ushirika cha wafugaji. Ofisi kuu Kitale, vituo vya kupokea maziwa vimetapakaa hadi huku njia ya Cheptais ambako Kukhu, mama yangu, hupeleka yake. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kushika. Kila kituo kilipewa mizani ya dijitali: mama analeta mtungi, unapimwa, mizani inatuma uzito na namba ya mkulima hadi Kitale, Kitale inajibu, ndipo maziwa yanamiminwa kwenye tangi. Bila jibu, hayamiminwi. Na vyote hivyo vilipaswa kupita kwenye fayawoli moja, ile niliyoichagua mimi kwa kusoma kartoni.

Ulikuwa umetoka chuo likizo. Nilikubeba unisaidie nyaya, na nilifurahi kukubeba, hilo sikuwahi kukwambia. Tulipopakia vifaa kwenye Landrova ya chama na kupanda nayo Kitale, ulikuwa unanieleza mambo ya darasani hadi Kimilili, nami nikijifanya naangalia barabara. Nilikuwa nasikiliza kila neno. Nilikuwa na wivu kidogo pia. Mimi hii kazi niliijulia darini, kwa kuvuta nyaya kati ya panya, na hapa mtoto wangu anajua majina ya vitu ambavyo mimi navijua kwa kuvishika tu.

Ijumaa, kesho yake tukiwa na kikao cha kukabidhi, ulibaki kwenye chumba cha mashine mimi nikiwa nje naongea na mwenyekiti Simiyu. Niliporudi ulikuwa umechomeka laptopu yako. Ulikuwa umewasha ukaguzi, ukaacha faili kubwa, ukaandika programu ya kutuma vitu vidogo vidogo, vingi, kama vile mizani zitakavyotuma.

"Baba, kuja uone. Na mzigo kubwa inaenda poa. Nikituma hizi ndogo ndogo inaanza kuangusha zingine. Na nikiwasha ukaguzi inakufa kabisa."

Nilikwambia mashine ni mpya, haiwezi kufa.

"Si lori ya mahindi ikifika ghalani inafunguliwa mara moja? Sasa hiyo mahindi yote iletwe na watu, kila mtu na mkebe yake ya gorogoro. Askari atafungua kila gorogoro, baba. Mahindi ni ile ile, lakini yeye atazimia."

Mfano huo nimeutumia kuwaelezea wateja tangu siku ile, na huwa wanaelewa mara moja. Lakini pale nilikujibu, "Hapa hatupimi na gorogoro, bana. Mambo ya kitabu wacha kwa chuo. Kesho kuna wageni." Ukauliza kwa upole, na ule upole ndio unaoniuma hadi leo: "Lakini mizani si ni gorogoro?"

Nilichomoa waya wako kwa mkono wangu. Ulikunja ule waya vizuri, kama nilivyokufundisha ukiwa darasa la nne, bila kuuvunja shingo.

Kesho yake walipiga makofi. Uliketi nyuma ukila kuku, na kila nilipotazama upande wako ulikuwa unatazama mfupa.

Mambo yalishika kwa muda, kwa sababu kilikuwa kiangazi na ng'ombe walikuwa wanatoa kidogo. Mvua ilipokuja, nyasi zikaota, na asubuhi moja wafugaji wote, kutoka Kitale hadi mlimani, wakafika vituoni na mitungi imejaa, wote kwa wakati mmoja kama ilivyo desturi ya maziwa. Ruta zilifanya kazi yake. Fayawoli ikakwama. Mizani zikatuma, zikangoja jibu, zikatuma tena, na kila zilivyorudia ndivyo zilivyoiongezea mzigo. Simu yangu ililia nikiwa bado sijavaa viatu. Ulikuwa umekuja nyumbani tena wiki ile, ukasema "Nitakusindikiza, baba," nasi tukaondoka.

Tulipofika Kitale jua lilikuwa kali. Vituoni watu walikuwa wamesimama na mitungi, karani hathubutu kumimina bila jibu, na maziwa hayajui kungoja. Yalichacha. Kukhu aliyamwaga yake mwenyewe mtaroni, hakutaka mtu mwingine ammwagie. Maziwa aliyoyakama kwa mikono yenye baridi yabisi, akatembea nayo hadi kituoni, akayamwaga. Haya alinieleza baadaye. Wakati ule sikumfikiria yeye wala mwingine. Nilijifikiria mimi.

Mle ndani ya chumba cha mashine tulikuwa wewe, mimi, mwenyekiti na wanakamati wawili mlangoni. Ulikuwa umeshika tochi ukinimulikia. Mwenyekiti hakuwa na hasira hata, alikuwa na mshangao tu.

"Fundi, si hii kitu ilikuwa inakimbia hapa tukiona? Ni nani aliigusa?"

Nekesa, nilikuwa na nafasi. Jibu lilikuwa fupi: nilipima vibaya. Mashine si mbovu, ni ndogo, na niliambiwa. Lakini walikuwa wamenidokezea kazi ya matawi ya Bungoma, wale wawili mlangoni walikuwa wananitazama, na niliogopa. Tena nitakwambia kitu kibaya zaidi ya woga. Nilikukasirikia. Nilikukasirikia kwa sababu ulikuwa umesema kweli na ulikuwa umesimama pale umenyamaza, hunikumbushi. Laiti ungenikumbusha, ningekufokea, yakaisha. Ukanyamaza, na mimi nikafungua mdomo.

"Huyu msichana alikuwa anacheza nayo na laptopu yake kabla tukabidhi. Sijui aliharibu nini."

Tochi haikutikisika. Ulinitazama mara moja, kisha ukawageukia wao.

"Ni mimi," ukasema. "Poleni sana."

Ulikuwa na ushahidi kwenye laptopu ndani ya begi mgongoni mwako. Ulichukua mzigo wangu mbele ya watu ili nisiaibike, wewe mtoto, nami mtu mzima nikakuacha uende nao. Halafu nikainama, nikazima ukaguzi, na mizani zote zikaanza kupata majibu. Nilimlaza askari, basi. Wao wakadhani nimetibu. Wakanishukuru, Nekesa. Mwenyekiti alinishika mkono kwa mikono miwili na kuniambia, "Sisi wazazi tunaelewa, watoto ni watoto." Nikatikisa kichwa nikakubali.

Njiani kurudi tulisimama Kanduyi. Nilinunua ndizi, ukasema "Sawa, baba."

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu ameshaota meno. Kwa sababu haikuishia pale. Ile nafasi ya mafunzo ya kazi uliyokuwa umeahidiwa na chama, wakaniambia ofisi imejaa. Nilijua ni kwa nini imejaa. Nilikuletea hiyo habari kama vile naleta habari ya hali ya hewa, na miezi ile wenzako wakijifunza kwenye ofisi za kweli wewe ulikuwa kwenye duka la saiba hapa Kanduyi ukiwachapishia watu barua za maombi ya kazi. Na makarani wa Kitale wakikuulizia walikuwa wanasema, "Yule wa kuharibu mashine hajambo?" kwa utani, na mimi nilikuwa nacheka nao.

Na hili hulijui. Chama kilipotaka mashine kubwa zaidi, niliifungua ile faili ya vipimo vya Ijumaa uliyoiacha kwenye kompyuta ya dukani kwangu. Nilisoma kila ulichopima: vitu vidogo vingi kiasi gani, ukaguzi ukiwa umewashwa, ilianzia wapi kuangusha. Nikachagua mashine mpya kwa vipimo vyako. Haijasimama hata siku moja. Kila mvua ikija na ikafanya kazi, wananisifu mimi. Nikikuona mezani unakunja kitambaa unaniambia "Sawa, baba," nilikuwa najiambia labda umesahau. Mzazi akitaka kujidanganya hakosi neno.

Nimejiuliza mara nyingi ni nini hasa nilichokosea, maana uongo ni uongo, hata mtoto mdogo anaujua. Nadhani nilikupima wewe kama nilivyopima ile mashine. Siku ya matokeo ya mtihani nilikuwepo, na shati la Jumapili. Siku ya zawadi nilipiga picha. Siku ambayo vitu vidogo vidogo vilikujia vyote kwa pamoja, aibu na utani wa watu na kukosa nafasi, na baba ndiye mwenye kuvituma, sikuja kuangalia unaendeleaje. Nilikuona umesimama nikasema huyu ana nguvu. Sikuwahi kukuuliza ni nini kilikuwa kinaanguka ndani.

Huko uendako watakuja watu kama mimi. Watakuwa wazuri, watakununulia chakula cha mchana, watajua jina la mama yako. Watakuomba uzime ukaguzi kidogo tu, kwa kipimo kimoja tu, kwa sababu wageni wako njiani. Siwezi kukwambia ufanye nini, wewe ulishajua kabla yangu. Nakuomba tu ukumbuke kwamba upande wa pili wa ile namba, mbali sana, kuna mama mzee amesimama na mtungi. Na ukikosea, maana utakosea, geuka uangalie ni nani ameshika tochi karibu nawe kabla hujafungua mdomo.

Jumanne nilikwambia naenda dukani. Nilikwenda Kitale.

Nilimkuta mwenyekiti Simiyu ofisini anakunywa chai. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kuaibika, nilikuwa hata nimeyapanga maneno. Nikamwambia yote. Kwamba mashine haikuguswa na mtu, kwamba niliwapimia mlango ukiwa wazi, kwamba wewe ulinionya Ijumaa nami nikachomoa waya, kwamba hii mpya wanayoisifu ilichaguliwa kwa vipimo vyako. Akanisikiliza. Kisha akacheka, akanimiminia chai.

"Ai, fundi! Hiyo si ni kitu ya kitambo? Mimi hata nilikuwa nimesahau. Wacha kujisumbua bana, maziwa ilimwagika, ilikauka."

Nilikuwa tayari kwa aibu, Nekesa, na aibu haikuja. Hapo ndipo nilipokaa kwenye kiti chake cha wageni nikaelewa. Wao hawakuwahi kuubeba ule mzigo hata siku moja. Waliusikia, wakautania, wakausahau. Miaka hii yote aliyeubeba ni wewe peke yako, na mimi nilikuwa nakutazama ukiubeba. Nilimwomba aniite mbele ya kamati nirudie maneno yale. Akaona ni ajabu, lakini akawaita, nikayarudia nimesimama, na wale wawili wa mlangoni walikuwepo. Mmoja aliangalia chini. Mwingine akauliza kama unaweza kuja kuwaangalia ruta za Bungoma. Nikamwambia, "Umechelewa, mzee, ameshachukuliwa."

Kutoka hapo nikapitia kwa Kukhu. Alikuwa uani anapepeta maharagwe. Nilimwambia, na yeye hakuacha kupepeta.

"Si nilijua," akasema. "Wewe tangu uko mdogo ukivunja nyungu unasema ni paka. Nikakuchapa ukasema ni paka. Saa hii umekuwa mzee, paka imekuwa mtoto yako."

Akapuliza makapi.

"Maziwa yangu nilikusamehea siku ile ile. Ng'ombe inatoa ingine. Lakini hiyo ya mtoto si yangu ya kusamehe. Kwenda uambie yeye."

Ndiyo nimekuja. Nilitaka kukwambia kwa mdomo. Jana nilisimama mlangoni kwako ukipanga nguo, ukaniuliza "Unataka kitu, baba?" nikasema natafuta bisibisi. Bisibisi ilikuwa mfukoni mwangu. Woga wangu unanifahamu vizuri kuliko ninavyoufahamu, kwa hiyo nimeamua kuandika, na barua hii nitaiweka juu ya begi lako, si ndani, ili uisome kabla ya kufika Kanduyi na si baada ya kuvuka mpaka.

Maana nataka uwe na nafasi. Tukiwa pale barabarani tunangoja basi, usinionee huruma kama siku ile. Usiniambie sawa, maana haikuwa sawa. Kama una neno la kunifokea, nifokee, hata mbele ya wale vijana wa bodaboda wote wanaonijua kama fundi mkubwa. Kama huna neno, nyamaza, nitakubali kunyamaza kwako. Nitakuwa nimeshika begi lako na sitaliweka chini hadi umalize. Na basi likija kabla hujamaliza, nitapanda nalo hadi Malaba.

Mbele ya watu ulisema neno ambalo lilikuwa langu. Nimelichukua Jumanne, mbele ya watu wale wale. Sasa nalirudia mbele yako.

Ni mimi. Pole sana, mwanangu.

Baba yako